Laini ya Nne

Kedowa, 4 Agosti 1991

Shemeji yangu Orina,

Pokea salamu nyingi kuliko vikapu vya chai msimu wa mvua. Sisi hatujambo, ila dada yako Bitutu ana mafua, na mafua hayajampunguzia maneno. Nelvine ametimiza miaka mitatu na anauliza kama mjomba amemaliza pipi zote za Nakuru.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Kwaya yetu imeamua kutoa kaseti: nyimbo nane za Kipsigis na mbili za Kisii anazoongoza Bitutu. Mwalimu mmoja wa muziki ametuazima mashine ya kurekodi yenye laini nne, kila moja na sauti yake. Wewe ndiye fundi wa studio katika ukoo huu; sisi tunajua kubonyeza kile kitufe chekundu tu. Tufanye nini ili kazi ikikufikia kwa kumiksi usitucheke?

Bitutu anakusalimu. Anasema ukitukataa atakuja kukaa kwako mwezi mzima.

Shemeji yako,
Kiplangat

Nakuru, 17 Agosti 1991

Shemeji,

Mimi mzima, kazi inasonga. Tafadhali Bitutu asije, nakubali.

Sasa sikiliza. Nunueni kanda mpya, msirekodi juu ya mahubiri ya mtu. Sindano ya kipimo cha sauti isiingie kwenye nyekundu hata Roho akishuka, maana sauti ikishapasuka hakuna wa kuishona. Acheni sekunde kumi tupu kabla ya kila wimbo. Msiongeze mwangwi, hiyo ni kazi yangu. Laini ya kwanza gitaa, ya pili wanaume, ya tatu wanawake, ya nne Bitutu. Na la maana kuliko yote: kila laini irekodiwe peke yake, wengine wakiwa nje. Bitutu awe wa mwisho, avae zile spika za masikioni awasikie wenzake humo.

Mkimaliza, vunja vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Kisha unitumie yenyewe, si nakala.

Shemeji yako,
Orina

Kedowa, 29 Septemba 1991

Shemeji,

Natumai u mzima. Hapa ni afya tele, na mursik wako, maziwa yetu ya mgando, uko kwenye kibuyu unakungoja.

Sitakudanganya, tulikuasi. Tulimfungia Bitutu katika ofisi ya mchungaji na yale madude masikioni. Aliimba mistari miwili akatoka anacheka mpaka machozi, anasema ni kama kula ugali ndani ya blanketi. Kwetu mtu haimbi bila kuona mdomo wa mwenzake. Basi tukasimama duara, maiki nne katikati, tukaimba wote kwa pamoja. Shemeji, mimi ndiye mwalimu wao na nywele zilinisimama.

Mwisho wa wimbo wa saba Nelvine anamwita mama yake. Utusamehe, ukate hapo. Vijino nimevunja.

Bitutu anakusalimu. Anasema kosa ni lake, asigombezwe mume.

Shemeji yako,
Kiplangat

Nakuru, 15 Oktoba 1991

Shemeji,

Salamu kwa wote, hasa kwa mwenye kosa.

Mmeimba vizuri mpaka nimekasirika. Nikifunga laini zote niache wanaume peke yao, namsikia Bitutu. Nikiacha gitaa, namsikia Bitutu. Yule ana koo la kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, ameingia kwenye maiki za watu wote. Sasa siwezi kumpandisha wala kumshusha bila kuwagusa ninyi nyote.

Mtafutie siku arudie sehemu yake peke yake. Tundikeni mablanketi ukutani. Sina haraka, kanda nimeiweka kabatini kwangu.

Shemeji yako,
Orina

Nakuru, 2 Aprili 1992

Shemeji,

Hii ni barua ya tatu tangu Februari. Redio inataja moto na watu kukimbia pande zenu. Nilitaka kuja, lakini madereva wanasema mtu mwenye jina la Kisii kama langu asipite huko sasa. Niandikie hata mstari mmoja.

Shemeji yako,
Orina

Kedowa, 12 Juni 1992

Shemeji,

Salamu. Sisi tuko hai, tunamshukuru Mungu. Barua zako zilifika. Mvua ni nzuri na chai inachumwa tena.

Naandika kwa ajili ya kaseti. Kamati ya kwaya imekaa. Wanataka itoke kabla ya Krismasi, nyimbo nane za Kipsigis tu, zile mbili ziondoke. Tena mwenyekiti, Mzee Isaiah, amesema laini ya nne uifunge kabisa, isisikike hata kidogo. Wewe unaelewa mambo yalivyo huku.

Nelvine hajambo.

Shemeji yako,
Kiplangat

Nakuru, 21 Juni 1992

Shemeji,

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mstari mmoja. Tangu umwoe dada yangu hujawahi kuniandikia bila "Bitutu anakusalimu", hata wiki mlizokuwa mmenuniana. Safari hii umenipa habari za mvua.

Nimetoka nyumbani Kisii jana. Hayuko. Mama anajua yuko kwako.

Laini ya nne niliifunga, nikasikiliza. Bado anaimba. Usinijibu habari za kanda. Nijibu dada yangu yuko wapi.

Orina

Kedowa, 30 Agosti 1992

Shemeji,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichoma. Bitutu alikufa mwezi wa Machi.

Vijana walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameoa kutoka kwenu. Mzee Isaiah alinipa siku moja nimwondoe, la sivyo nyumba ingechomwa. Nikampatia nafasi kwenye lori la mahindi lililokuwa likienda Kisii. Akaniambia, "Twende wote. Ukikaa kando yangu ukawajibu kwa Kipsigis, wataniacha." Nilijua ni kweli. Nikamwuliza nani atabaki na ng'ombe. Ng'ombe, Orina. Niliogopa, nikatafuta ng'ombe.

Lori lilisimamishwa msituni. Siku ya tatu nilimkuta mochari. Tulimzika nyuma ya nyumba, tukiwa watu wanne. Kwaya haikuja. Hakuna aliyeimba hata ubeti mmoja.

Kisha nikanyamaza miezi mitatu, na barua ya kwanza niliyokuandikia ilikuwa ya kukuomba umtoe kwenye kanda. Sina la kujitetea. Mwambie mama, mimi siwezi.

Shemeji yako, kama bado,
Kiplangat

Nakuru, 11 Oktoba 1992

Kiplangat,

Sikuulizi hali. Mama nilimwambia. Ameacha kula vizuri na hataki jina lako litajwe, hata kwa kulaaniwa.

Kazi yenu iko kwenye kifurushi hiki. Mwambie Mzee Isaiah nyimbo mbili zimeondolewa na laini ya nne imefungwa, kama alivyoagiza. Mkisikiliza kwa sauti ya chini ni ninyi tu na gitaa. Mkipandisha, yuko. Kwa wiki mbili nilijaribu kumtoa, nikapunguza sauti za juu, nikapunguza za chini, na kila nilipomkata mlikatika na ninyi. Ningeendelea kungebaki mlio wa gitaa tu. Mlikataa kuimba mmoja mmoja, basi mnaye.

Laini ya nne nimeitoa peke yake kwenye kanda mbili. Moja nimempa mama. Mwisho wa wimbo wa saba Nelvine anaita, kama ulivyoandika. Hukuandika kwamba Bitutu anajibu. Anasema, "Nakuja, mami," kisha anaendelea na wimbo. Uliniambia nikate hapo. Sikukata.

Kanda ya pili ni ya Nelvine. Vijino nimevunja. Siku akiuliza, mpe, na umwache apandishe sauti apendavyo.

Kwako sitaandika tena. Kwake nitaandika akijua kusoma.

Mjomba wa Nelvine,
Orina