Radhi Iliyotangulia

Bweni la Wasichana, Chuoni
18 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio una shida.

Naituma kwa kondakta wa basi kwa sababu simu yangu imechukuliwa na walinzi wa chuo. Na hata ningekuwa nayo, masikio yako mashine ya kusaga ilishayala zamani, tungeishia kupigiana kelele.

Unamkumbuka Kabula, binti wa wafugaji wa Nkasi, niliyekuja naye likizo akakutania kwamba ugali wetu wa ulezi umeungua? Amefariki, Baba. Jumapili ya tarehe 3, baada ya chakula cha mchana, tumbo lilimbana. Mimi na Sharon, ninayelala naye chumba kimoja, tulimbeba hadi zahanati ya chuo. Mlango ulikuwa na kufuli. Tulikaa barazani saa nzima tukigonga, Kabula amelala kwenye saruji. Mwishowe tukapata bajaji. Alikata roho kabla hatujafika hospitali ya mjini.

Wiki iliyofuata uongozi ukatangaza kwamba zahanati ilikuwa wazi siku hiyo na hakuna mgonjwa aliyeletwa. Kitabu cha zamu kina saini ya muuguzi. Mimi ndiye mhariri wa ubao wa habari wa wanafunzi. Niliandika ukurasa mmoja, nikaubandika, kichwa chake: "Mlango Ulikuwa Umefungwa." Ulikaa saa mbili, wakaubandua. Sasa nimeitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu tarehe 8 Aprili kwa kosa la kusambaza habari za uongo. Adhabu yake ni kufukuzwa, na mimi nimebakiza muhula huu tu nimalize.

Usiogope. Sharon atatoa ushahidi. Mlinzi wa lango, Mzee Eustaki, ana daftari linaloonyesha muuguzi alitoka asubuhi na hakurudi. Nilichoandika ni kweli na kinathibitika. Chuo kitakuletea barua nyumbani, ukiiona usishtuke.

Msalimie Mama sana.

Mwanao,
Bertilla

*

Chanji, Sumbawanga
Jumamosi Kuu, 30 Machi 2024

Mwanangu Bertilla,

Marahaba, mama yangu. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha utadhani imeambiwa mwaka huu ndio wa mwisho, mahindi ya wateja hayakauki, na mashine inasaga unga wenye majimaji hadi napata aibu kuufunga. Mguu wa mama yako uko vilevile, mdomo wake pia uko vilevile, kwa hiyo ujue ni mzima.

Habari ya Kabula imetuumiza. Mama yako Coleta aliacha kupika, akakaa. Alimpenda yule mtoto kwa sababu alikuwa anacheka na meno yote. Tumemtaja kwenye sala ya jumuiya.

Sasa habari njema. Barua ya chuo ilitangulia yako kwa siku nne, na sikulala usingizi wa mchana siku hiyo. Mimi si katibu wa jumuiya miaka kumi na sita bure. Nilichukua karatasi ya mistari, nikamwandikia Makamu Mkuu wa Chuo mwenyewe. Nimesema hivi: "Sisi wazazi wa Bertilla tumepokea habari hizi kwa masikitiko. Tunakiri kwamba mtoto wetu amekosa. Tunaomba radhi kwa niaba yake, na tunaomba asamehewe kama mtoto wenu." Mwenyekiti wetu wa mtaa, Nestory, ameipigia muhuri mara mbili, maana wa kwanza ulikuwa hafifu. Imekwenda kwa posta ya haraka.

Unajua desturi yetu. Mtoto akishtakiwa na watu, mzazi hatangulizi ubishi. Unainama, unapiga makofi ya heshima, unasema tumekosa. Mwenye hasira anapoa, mnaketi, ndipo kesi inasikilizwa na ukweli unajulikana. Ndivyo nilivyofanya uliposingiziwa lile dirisha la shule. Niliomba radhi wiki nzima, kumbe aliyelivunja ni mtoto wa mwalimu mkuu! Tulicheka sote, tena na mwalimu mwenyewe.

Kwa hiyo nenda kikaoni bila wasiwasi. Njia nimeshakufagilia.

Pasaka njema.

Baba yako,
Ignasi

*

Chuoni
12 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote.

Barua yako ilifika chuoni mapema, na ilisomwa mbele ya kikao chote. Ahsante kwa kunihangaikia.

Uamuzi umetoka jana. Nimefukuzwa. Nimepewa siku ishirini na moja za kukata rufaa kwa Baraza la Chuo, nami nitakata. Kwa sasa nimehifadhiwa na Sharon, amehama bweni akapanga chumba nje ya chuo.

Sina maneno mengi leo, nisamehe. Mwambie Mama ninakula.

Mwanao,
Bertilla

*

Chanji
22 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumeipata barua yako fupi. Nimeisoma mara tatu nikidhani kuna ukurasa umebaki kwa kondakta.

Mama yako amelia. Mimi nilizima mashine, nikawaambia wateja ina hitilafu, nikakaa juu ya magunia. Miaka mitatu, Bertilla, na muhula mmoja tu umebaki. Roho inauma kama nini. Halafu unaandika eti "ahsante kwa kunihangaikia," kama unamwandikia afisa.

Nimewaza usiku na mchana wapi tumekosea, nimepata. Sikuomba vya kutosha. Wale ni wasomi, wakubwa, na mimi niliandika mistari minne kama naazima jembe. Hiyo rufaa nitaisimamia mwenyewe. Nimeshaandika rasimu, kurasa mbili. Nimesema tunapiga magoti, nimesema ni utoto, nimesema hakujua alitendalo na hatarudia kusema vile. Nangoja Paroko arudi kutoka kusalisha vigangoni aweke saini yake chini ya muhuri wa Nestory. Akirudi tu naituma. Safari hii hawatachomoka.

Kula vizuri. Mshukuru Sharon kwa niaba yetu.

Baba yako,
Ignasi

*

Mjini, kwa Sharon
29 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie kabla Paroko hajarudi. Tafadhali usiitume hiyo rasimu. Nilikusudia usijue kamwe, lakini sasa lazima nikwambie.

Kikao kilianza vizuri. Sharon alieleza tulivyombeba Kabula. Mzee Eustaki alileta daftari la lango, akasoma kwa sauti: muuguzi ametoka saa moja asubuhi, hakuna saa ya kurudi. Wajumbe wakatazamana. Mmoja, mama mtu mzima, aliuliza kwa nini basi mimi ndiye nimeketi kwenye kiti cha mshtakiwa. Nikajua nimepona.

Mwenyekiti wa Kamati akafungua jalada, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ya wazazi wa Kabula, ina dole gumba, wanakishukuru chuo kwa kumhudumia mtoto wao na kuwaletea jeneza. Ya pili yako. Aliisoma polepole: "Tunakiri kwamba mtoto wetu amekosa." Akauliza, "Huyu ni baba yako?" Nikasema ndiye. Akasema, "Kumbe nyumbani wanajua kwamba umekosa."

Nilijaribu kueleza, Baba. Nilisema kwetu radhi hutangulia, si kukiri, ni adabu. Kuna waliocheka. Akanikata: "Jibu moja tu. Baba yako amesema uongo kwenye barua yenye muhuri wa serikali?"

Watu kumi na moja walikuwa wananitazama. Ningesema ndiyo, labda leo ningekuwa darasani. Sikuweza. Nilisema, "Baba yangu si mwongo." Akafunga jalada. Yule mama aliyenitetea akaanza kukusanya karatasi zake.

Sasa kwenye ubao, palepale nilipobandika ukurasa wangu, kuna tangazo: mhusika na mzazi wake wamekiri, na suala la zahanati limefungwa. Ndivyo itakavyobaki kwamba Kabula hakuletwa.

Sina hasira na wewe. Hapana, ninayo. Ninayo na ninaona haya kuwa nayo. Naomba tu usiandike tena.

Mwanao,
Bertilla

*

Chanji
28 Julai 2024

Mwanangu Bertilla,

Natumaini unapumua salama popote ulipo. Shikamoo yako sijaisikia miezi mitatu. Huku ni baridi na upepo, mahindi yamevunwa, na mashine inafanya kazi ingawa mwenyewe anafanya kwa mazoea. Barua hii naituma kwa Sharon akufikishie. Aliyaleta mabegi yako wiki iliyopita, akatuambia uko salama na umepata kazi. Mahali hakututajia, na mama yako alimwomba hadi nikamwonea huruma yule binti.

Barua yako iliwahi. Rasimu niliichana, nikaichoma jikoni. Mama yako nilizoea kumsomea barua zako zote, ile sikumsomea. Nilimwambia ni salamu tu.

Kisha niliandika nyingine. Niliandika: "Mimi Ignasi nilisema uongo. Sikuwepo, sikujua lolote, nikaandika kwamba mwanangu amekosa. Mwanangu alisema kweli." Nikaipeleka kwa Nestory. Aliisoma, akavua miwani. "Mzee Ignasi, mimi siwezi kumgongea mtu muhuri kwamba ni mwongo. Na wakiniuliza ile ya kwanza niliigongea nini?" Tulibishana hadi akafunga ofisi. Nikaituma hivyohivyo.

Majibu yalikuja Juni. Barua haina muhuri, kwa hiyo haitambuliki. Ile ya kwanza ndiyo inayotumika, na rufaa imetupwa. Sijui kama na wewe walikuandikia.

Nikaona siwezi kukaa. Nilipanda gari la njia ya Kipili, nikashuka kwa wafugaji, nikauliza kwa Mzee Meshack, baba yake Kabula. Nilipofika niliinama, nikapiga makofi, na mdomo ukaanza wenyewe: tumekosa, tunaomba radhi. Nikanyamaza katikati. Nikakaa chini, nikamweleza uliyoniandikia kwenye barua yako ya kwanza, mstari kwa mstari.

Yeye aliambiwa mtoto wake alifia kitandani, ameshikwa mkono na muuguzi. Ile karatasi aliiwekea dole kwa sababu walioleta jeneza walikuwa wageni, na mgeni hushukuriwa. Aliniuliza jambo moja tu: "Alikaa mlangoni muda gani?" Nikasema saa nzima. Mkewe, Rahel, alitoka nje. Mzee Meshack akasema, "Mwambie binti yako nimesikia." Ndiyo salamu niliyopewa nikuletee.

Niliporudi nilimsomea mama yako ile barua yako, yote. Hajanigombeza. Ningependa anigombeze.

Bertilla, mbele ya watu kumi na moja uliulizwa kama baba yako ni mwongo, ukachagua kufukuzwa. Nami hilo ndilo linaloniamsha usiku. Maisha yangu yote nimeomba radhi kwa mambo nisiyoyajua, kwa walimu, kwa majirani, kwa wakubwa, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Hili nalijua. Nimekukosea, mwanangu. Ninaomba radhi.

Baba yako,
Ignasi