Kifuniko Chekundu ni Kushoto

Jumatatu, 3 Juni 2019

Joto limeanza mapema. Kiyoyozi cha chumba cha panya hapa maabara kimekufa tena – nimepiga simu mara tatu, fundi anasema kesho. Kesho yake naijua!

Araceli kanirekodi mikono. Anataka video ya dakika moja ya kuonyesha jopo siku ya kutetea tasnifu yake ya udaktari, Ijumaa ya wiki ijayo. Nikamwambia, mwanangu, mikono ya miaka hamsini na tisa inaonyeshwa wapi? Kacheka. Eti bila mikono hii asingekuwa na hata ukurasa mmoja. Basi nikachukua panya wa akiba – ubongo nje, juu ya sahani ya baridi, kijipande cha chini kando, kata katikati. Nusu hii kichupa cha kifuniko chekundu, nusu ile cha bluu. Nyekundu kushoto, bluu kulia. Sekunde arobaini. Bado nimo!

Don Eutimio, profesa wetu, kasimama mlangoni akitutazama. Anastaafu Julai. Tangu aniajiri anaimba wimbo mmoja: nusu mbili za ubongo hazifanani, kemikali za huku si za kule, na siri ya presha imejificha humo. Kwenye mikutano walimcheka. Sasa Araceli kampatia ushahidi. Panya wa kawaida, kimeng'enya tunachokipima kimejaa kushoto. Panya waliozaliwa na presha, kimejaa kulia. Pande zimegeuka! Mzee hatembei siku hizi, anaelea.

Jumanne, 4 Juni

Nimeiangalia ile video wakati wa chakula, mkate na nyanya mkononi. Mara ya kwanza niliangalia kucha zangu. Mara ya tatu nikaacha kula.

Ubongo umelala chali.

Umelala chali, na mimi nusu iliyo upande wa mkono wangu wa kushoto naitia kwenye kichupa chekundu. Mlaze mtu chali, simama miguuni pake – mkono wake wa kushoto uko kulia kwako. Mtoto wa shule analijua hili.

Pengine jana tu. Pengine kwa sababu ya kamera.

Alhamisi, 6 Juni

Si siku ile tu. Nimekumbuka yote, afadhali nisingekumbuka. Kwenye maabara ya zamani niliulaza ubongo kifudifudi, siku zote, na panya wa kawaida wote niliwakata kule. Kisha tukahamia jengo jipya. Don Eutimio akataka kile kijipande cha chini kitolewe kwanza, kwa hiyo nikaanza kuulaza chali. Mikono haikuambiwa kitu, ikaendelea na mazoea yake. Na panya wa presha wote nimewakata huku.

Kwa hiyo hakuna kilichogeuka kwenye vichwa vya panya. Nimegeuza mimi.

Nilifikiri: rahisi, tubadilishe vifuniko tu. Nikafungua daftari. Siku nyingine Araceli alikata nami, yeye hukata vipi sijui. Siku nyingine nadhani niliugeuza tena kifudifudi baada ya kutoa kijipande, nyingine sikuugeuza. Nadhani! Na vipande vyote vimeshasagwa, ni uji ndani ya friza. Uji hauna kushoto wala kulia. Panya sitini na wanne. Walikuwa wakinizoea, nikiwashika walitulia.

Miaka thelathini na moja najisifu kwamba sikosei. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia Gaspar. Alikuwa anameza kidonge chake cha presha na kahawa – daktari kamkataza kahawa, anasema hakusikia vizuri. Kasikiliza hadi mwisho, halafu: "Kushoto, kulia! Kwani panya wenyewe wamelalamika?"

Nikamwambia asinichekeshe. Akaacha kucheka. Anachouliza yeye, hicho kimeng'enya kitamsaidia au hakitamsaidia? Kule baa kashawatangazia wote kwamba mke wake kapata dawa. Nikasema hatukupata chochote, mume wangu. Hatukuwahi kupata.

"Basi mwambie yule binti," kasema. "Bora akasirike na wewe kuliko aje ajidharau mwenyewe."

Kisha kaenda kumwagilia nyanya. Nilimwonea wivu kwa kuwa na kazi ya kumwagilia nyanya.

Jumanne, 11 Juni

Nimeshindwa kwa don Eutimio. Niliingia ofisini nikiwa nimeshajipangia maneno. Alikuwa anatia vitabu kwenye maboksi. Akanikalisha. "Unajua, Fuensanta, mwaka juzi nilikuwa nimeanza kuamini kuwa wale waliokuwa wakinicheka walikuwa sahihi." Akasema sasa atakwenda kijijini kwake kukaa na mizeituni ya baba yake, na hata akifa Agosti hana deni na mtu. Machozi yakamtoka – mwanaume ambaye mke wake alipofariki alikuja kazini siku ya tatu!

Nikamuuliza kama anataka nimletee maboksi zaidi.

Nimemletea sita.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia Araceli. Kwenye chumba cha kuoshea vizimba, mashine ikinguruma, mtu asisikie. Nilimwonyesha kwenye simu, nikasimamisha video pale pale. Nikasema: chali. Hakuelewa. Nikalaza kiganja changu kifudifudi, kisha chali. Akaelewa. Nikamweleza na yale majengo mawili, na zile siku ambazo nadhani niliugeuza.

Nilingoja apige kelele. Nilingoja anitukane, ingenipoza. Akauliza taratibu: "Umemwambia nani?"

Nikasema Gaspar tu.

Akasema Gaspar hana tatizo. Mimi nikasema tuahirishe, nitajitaja mwenyewe, kosa ni langu, nitaandika na kutia saini. Akatikisa kichwa. "Fuensi, mama yangu kashashona gauni. Nimeomba kazi Ureno, wanasubiri cheti changu. Tukiahirisha hapana wa kunilipa, hapana panya wapya, don Eutimio ndiyo basi tena. Na huna hakika, si umesema mwenyewe 'nadhani'? 'Nadhani' si kosa." Kisha: "Baada ya Ijumaa tutarudia. Sisi wawili. Kimya kimya."

Hatutarudia. Analijua hilo vizuri kama mimi.

Kwa nini sikusema hapana? Nilifikiri nikimwambia nitakuwa nimeutua mzigo. Sasa tumeubeba wawili, na haukupungua hata kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Video kaitoa. Kaweka mchoro.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika chooni, ghorofa ya pili, nyuma ya karatasi ya ratiba. Jopo limejifungia kujadiliana.

Araceli alieleza vizuri mno. Ningekuwa sijui kitu, ningeamini. Wazazi wake wamekaa mbele, wameniletea dumu la mafuta ya zeituni, la mavuno yao, baba yake kalibeba mwenyewe kutoka kijijini. Don Eutimio kavaa suti ya harusi ya binti yake.

Maswali yakaja. Mwanamke mmoja mfupi wa jopo, kutoka kaskazini, mpole. Anasema matokeo haya yakiwa kweli yanabadilisha mengi, kwa hiyo ana swali la kijinga. Wakati wa kugawa nusu mbili, ubongo ulilazwa vipi?

Araceli kanywa maji. "Fundi wetu yupo hapa," kasema. "Bora ajibu yeye."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Sikutazamia. Don Eutimio alinitabasamia, kichwa kimeinuka. Araceli aliangalia karatasi zake.

"Samahani, mama," yule mwanamke kaniambia. "Kifudifudi au chali?"

Nilisimama. Nilikuwa nalo neno mdomoni, naapa nilikuwa nalo.

"Kifudifudi," nikasema. "Siku zote."

Sauti haikutetemeka hata kidogo! Akaandika. Akanishukuru.

Nusu saa sasa. Nasikia mama yake Araceli kwenye korido akiuliza Fuensi yuko wapi tupige picha. Sasa Araceli mwenyewe, anagonga.

"Fuensi! Toka basi, wanatuita ndani!" Furaha tupu sauti yake, furaha ya kweli. "Na yule mama wa kaskazini katoka kuniuliza pembeni. Septemba anataka kuleta wanafunzi wake wawili, uwafundishe kukata. Nimeshamwambia ndiyo. Fuensi? Unanisikia?"