Suruali Iliyonyooshwa Mguu Mmoja

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mashati ya Jumatatu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na unalala vizuri, na kwamba ule udhaifu uliokuangusha mlangoni kwangu siku ya msiba umekwisha kabisa. Ukitaka kujua hali yangu, mimi napumua, na siku hizi kupumua si jambo la kudharau. Simu yako nimeipiga mpaka kidole kimeota sugu, haipatikani. Uliondoka siku ileile ya maziko bila kuaga, watu wakaniuliza, nikawajibu kwamba una moyo mwepesi tangu utotoni. Basi nimeona nikuandikie, maana damu ni nzito kuliko maji.

Kwanza ujue kwamba nimekuwa matatani. Mpelelezi alisema shemeji yako nimemuua mimi. Hakunifokea. Alisema kwa upole, kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya, na huo upole ndio ulioninyima usingizi. Aliniambia nisitoke mjini. Nikamuuliza niende wapi na mashuka ya hoteli yamejaa kwenye mabeseni. Akaandika hilo nalo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana siku ile hukukaa ukasikia. Duka letu la udobi unalijua: mbele kuna meza mbili, yangu dirishani ya mashati, ya shemeji yako ukutani ya suruali, na nyuma kuna karo la kufulia. Pasi zetu ni mbili, zimefanana kama mapacha. Mimi nilifunga kitambaa cha bluu kwenye mpini wa yangu na chekundu kwenye wa yake, kwa sababu yeye alidai pasi yangu imeganda wanga na itamchafulia suruali. Na suruali zake nani asiyezijua? Mtaa mzima ulimwita Mstari. Ule mstari wa suruali yake ungeweza kukata nyanya. Tangu anioe sikuwahi kuruhusiwa kuzigusa, alisema mkono wangu unapindisha.

Wiki yake ya mwisho alibadilika, akawa mume wa kuonyesha wageni. Alizitupa ndala zangu za mpira, akasema zimekwisha, ataninunulia viatu vya heshima, na mpaka vije nikanyage tu saruji kwa sababu inapoza miguu. Kila asubuhi akawa anamwaga maji chini ya meza yangu, eti anatuliza vumbi. Siku moja nilimkuta na bisibisi mkononi, pasi yangu ameifungua tumbo, akaniambia inachelewa kushika moto na ameamua kunitengenezea. Mtu ambaye balbu ikiungua ananiita mimi nipande kiti. Mwenzako nilifurahi. Nilimwambia fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kwamba mume kuchelewa kukomaa si kutokomaa kabisa. Fundi viatu akacheka, akasema nisimsifu mgema.

Kosa langu mimi ni usafi. Siku hiyohiyo jioni mteja alirudisha shati jeupe lenye doa la bluu karibu na kola, nikajua ni kile kitambaa cha mpini kinachuja rangi. Nikavivua vyote viwili nikavifua. Vilipokauka nikavifunga tena upesiupesi, mgongo kwenye meza na macho mlangoni, kwa sababu kuna mteja mwingine alikuwa ananisimulia habari za mkwe wake na habari zenyewe zilikuwa tamu. Cha kwangu kikaenda kwenye pasi yake, cha kwake kikaja kwenye yangu. Hilo tu. Ningevifunga sawasawa, barua ya msiba ingeandikwa na mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi shemeji yako akasema anatoka. Alisema atakuwa kwenye mgahawa wa stendi, pale mbele, mezani kwa watu, akarudia mara nyingi atakapokuwa kana kwamba kuna aliyemuuliza. Akanihimiza nianze mashati mara tu atakapoondoka, nisingoje jua lipande. Kisha akajitazama kwenye kioo, akaona mstari wa mguu mmoja umelala.

Mtu mwingine angekwenda hivyohivyo. Yeye alisema hawezi kukaa mbele za watu amekunjamana kama aliyelala jalalani. Akavua viatu visikwaruzike, akavua na suruali, akasimama mezani kwake na bukta, miguu mitupu juu ya saruji. Sakafu yetu imeinamia ukutani, kwa hiyo maji aliyonimwagia mimi yalikuwa yameshatembea mpaka kwake. Akachukua pasi yenye kitambaa chekundu, wala hakuitazama, nani anaitazama pasi yake? Mguu wa kwanza aliumaliza vizuri. Halafu akafanya kama afanyavyo siku zote, na kama alivyonifundisha mimi: kabla ya kugeuza, alilamba kidole akagusa bamba la pasi asikie moto umefika wapi.

Mimi nilikuwa karoni. Nilisikia kishindo, nikadhani ameangusha meza.

Tulimzika na suruali nyingine. Niliinyoosha mwenyewe kwa pasi ya kuazima, huku machozi yananitoka, na mstari ukasimama wima mpaka waombolezaji wakausifia. Mara hiyo hakulalamika.

Mpelelezi alipoifungua pasi alikuta waya umeng'olewa mahali pake kwa makusudi, ukagusishwa chuma. Akauliza ni pasi ya nani. Nikamwambia ukweli wote, kitambaa hiki na kile, maji, ndala, bisibisi. Yaani nilijichimbia kaburi nikajisifia udongo. Aliniuliza, nani aliyemwona marehemu na bisibisi ila mimi? Na nani aliyehamisha vitambaa ila mimi? Kwa hesabu zake, niliitegesha pasi kisha nikaivalisha nguo za mwenzake. Nikamwambia aliitegesha mume wangu ili nife mimi. Akainua macho, akaniuliza kwa ule upole wake, mume wangu aniue kwa faida gani. Nikahesabu mali zetu. Sisi hatuna kiwanja, hatuna bima, tuna mabeseni. Akasema atanipa nafasi nifikiri, na nikikosa jibu atarudi na pingu. Tangu hapo kila gari likipunguza mwendo mbele ya duka, nilikuwa naacha shati mezani naenda kuchungulia.

Nimezunguka sana, mdogo wangu. Sasa niseme.

Siku ile aliyekupigia simu ni fundi viatu. Alikuwa analia, alikuambia tu uje upesi, kwenu kuna msiba, akakata. Hakutaja nani wala nini. Wewe ulifika na begi kubwa begani, na kabla hujagusa mlango ulikuwa unaomboleza kwa sauti ya kusikika barabara nzima kwamba pasi imekunyang'anya dada yako, kwamba umeme hauna huruma, kwamba nani sasa atamfulia shemeji. Fundi viatu alikuwa amesimama palepale. Mimi nikatoka ndani kuja kukupokea, beseni mkononi.

Hukunikumbatia. Ulinitazama kama mtu aliyerudishiwa barua aliyoituma mbali, kisha ukauliza shemeji yuko wapi. Nilipokuambia, ndipo ukaanguka. Wanawake wakakupepea, wakasema tazameni upendo, amezimia kwa furaha ya kumkuta dada yake hai. Na mimi nilisema hivyohivyo. Nilisema kwa nguvu kuliko wote. Wewe nimekubeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, nimekutafunia chakula, sasa nisikie nini kingine? Masikio yalisikia, moyo ukayafungia mlango.

Begi uliliacha. Nililifungua wiki iliyopita nikitafuta anwani yako mpya, nikitaka kukuomba uje unitetee kwa mpelelezi. Humo ndani mlikuwa na nguo zako zote, na chini kabisa mapazia mapya, ya maua. Unalijua dirisha la chumbani kwangu, lile ambalo mwashi alikosea vipimo likawa refu na jembamba kama shingo, ambalo sijawahi kupata pazia la dukani likalitosha. Nikapanda kiti nikayajaribu. Yalikaa kama yameshonewa hapo. Na wewe, mdogo wangu, chumbani kwangu hujawahi kuingia nikiwepo.

Nilikaa kitandani nikalia, na hicho kilio hakikuwa cha mume. Mume nilikuwa nimeshamlilia. Nililia kwa ajili yako, na nikakuchukia, na nikalia tena kwa sababu nimekuchukia. Ungekuja. Ungepiga simu hata mara moja, ukasema dada nimekosa, alinidanganya yule, naapa ningemeza lote, ningekwenda gerezani na siri yako chini ya ulimi, mpumbavu mimi. Nilingoja. Kila simu ikilia nilikimbia nikiwa na povu mikononi, kumbe ni mtu anaulizia koti lake.

Juzi mpelelezi alirudi. Aliniuliza kama nimepata jibu la lile swali la faida, nikamwonyesha dirisha. Kisha nikamwita fundi viatu, akaeleza alichokuambia kwenye simu na alichokusikia ukilia mlangoni. Mpelelezi akapanda kiti. Aliyashusha mapazia akaanza kuyakunja, vibaya, nikamnyang'anya nikamkunjia mwenyewe, kazi ni kazi. Alipofika mlangoni aliniomba radhi. Halafu akauliza anwani yako, ile niliyoikuta begini, nikampa.

Sina mengi zaidi. Fundi viatu anakusalimu, ingawa hakusema hivyo kwa maneno. Mashuka ya hoteli yamekwisha, na ndala nimenunua nyingine, za mpira mzito. Nawe jitunze, usiache kula, huko uendako baridi ni kali na mablanketi ni machache, nimekufungia shuka moja nene pamoja na barua hii.

Aliyekuletea ni mtu mpole, usimwogope. Nimemwomba asikuharakishe, na ameniahidi atasimama hapo mlangoni mpaka umalize kusoma. Sasa umemaliza. Mfungulie.

Ni mimi dada yako,
mzima wa afya.