Mkalimani wa Fundi wa Paa

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Gata la maji ya mvua limeanguka! Tumetoka kuswali alfajiri, kishindo upande wa jikoni. Hooyo, mama yangu, akadhani ni wezi. Nilimwambia wezi gani wa kuiba kwa mama mzee na mwalimu wa Kiswahili. Kumbe gata zima liko chini, na kipande cha ubao bado kinaning'inia kwenye msumari. Nimekibinya kikavunjika kama biskuti. Mchwa.

Zile mbao zinazozunguka ukingo wa paa ndizo zinazoshika gata. Mafundi wanaziita fesha bodi. Zikiisha, gata halina pa kushika, tangi halijai, na mvua ziko njiani inshallah. Tutarudia kununua maji ya mkokoteni wa punda kama mtaa wote wa Iftin.

Saynab wa nyumba ya pili anamjua fundi. Mborana. Alimtengenezea dada yake paa, anasema halijatikisika.

Naandika Kiswahili kama kawaida. Mama yangu anasoma Kurani kuliko maimamu wengine, ila Kiswahili hakimwingii, si cha kusema wala cha kusoma. Daftari hili halina kufuli nyingine.

Jumapili, 5 Oktoba

Fundi amekuja. Anaitwa Bonaya. Kwao ni Buna, huko Wajir, lakini amekulia Isiolo na Kisomali chake kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Hooyo amekaa kwenye mkeka wake barazani na tasbihi, kama inavyotakiwa mwanamume mgeni akiwa uani, haelewi neno.

Amezunguka nyumba akigonga mbao kwa mpini wa nyundo. "Huu upande imekwisha. Huu imekwisha. Huu pia. Hii ya nyuma mzima." Nilitamani kalamu nyekundu! Lakini amegonga taratibu, sikio karibu na ukuta, kama daktari. Pande tatu basi.

Akauliza nani atawaambia majirani. Sikutarajia. Wengi hawaulizi. Juu ya paa letu mtu anaona nyua za nyumba tatu, na alasiri wanawake wako nje vichwa wazi, wanafua, wanasukana. Nimepita mwenyewe nyumba kwa nyumba. Saynab amesema sawa. Bibi Fosia wa nyuma amesema kwa umri wake, anayetaka kuangalia na aangalie.

Jumanne, 7 Oktoba

Ameanza. Mchana bati linachoma, kwa hiyo anakuja baada ya swala ya asr, na mimi nimeshatoka shule.

Kabla ya kupanda anaita: "Fundi juu! Jistirini!" Mara tatu, kila mara ameelekea nyumba moja. Halafu anangoja chini ya ngazi, ameinamisha kichwa, muda wa mtu kusoma Fatiha. Ndipo anapanda. Saynab amekiri kwamba mafundi wengine huita mguu tayari uko kwenye bati.

Ana sauti nzuri. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mbao mpya zimefika, saiprasi, ndefu na nyeupe. Amezipaka oili chafu upande wa nyuma ili mchwa wasirudi. Uani pananuka kama gereji na Hooyo analalamika. Nimetafsiri. Akasema, "Mwambie mama ni siku mbili tu, avumilie mimi." Nimetafsiri. Hooyo akacheka! Sijui mara ya mwisho ni lini amecheka na mtu wa nje.

Leo alihitaji mtu wa kushika uzi. Mbao zote lazima zifuate mstari mmoja, la sivyo gata litamwaga maji katikati. Nimeshika mwisho mmoja, nimesimama kwenye kiti kona ya jikoni, yeye mwisho mwingine kona ya barabarani. Mita kumi na mbili kati yetu, na mama yangu katikati na tasbihi yake.

"Vuta, mwalimu. Kidogo tena. Hapo hapo, usiachilie."

Sikuachilia. Alikuwa ameshamaliza kuweka alama, anakunja uzi upande wake, mimi bado nimeshika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuna kazi leo. Ijumaa ndefu sana hii.

Jumamosi, 11 Oktoba

Upande wa jikoni umekwisha. Mstari umenyooka, hata mimi nauona. Hooyo amemwita anywe chai barazani, na maswali yakaanza. Muulize ana miaka mingapi. Arobaini na moja. Muulize ana mke. Nimeuliza huku natazama birika. Alikuwa naye, akafariki miaka minne iliyopita. Ana binti mmoja, Mumina, ana miaka sita, yuko kwa nyanya yake Buna. "Ananiuliza kwa simu, baba, paa ya watu itaisha lini?"

Nimetafsiri yote, neno kwa neno. Hooyo amemwombea marehemu dua ndefu. Nami nimeitikia amina, halafu nikaingia jikoni na kukaa huko kidogo.

Miaka minane tangu mume wangu Diriye anitumie talaka kwa simu kutoka Nairobi. Hatukupata mtoto. Sikulia sana, nilikuwa na vitabu vya kidato cha nne vya kusahihisha. Nilidhani ule mlango nimeufunga vizuri. Leo nimemtamani hata huyo Mumina ambaye sijamwona, nimtie mafuta kichwani, nimfundishe kusoma. Aibu, lakini ndiyo kweli.

Jumatatu, 13 Oktoba

Pande tatu zimekwisha. Imebaki rangi tu! Nikamwambia upande wa nyuma nao uangaliwe.

Akagonga. "Hii mzima, mwalimu. Nilisema."

"Gonga tena."

Akagonga tena, kutoka kona hadi kona. Halafu akanitazama mara moja, haraka, akatazama chini. "Labda kuna mahali moja. Nitahitaji kesho nzima kuhakikisha."

Hooyo akauliza anasema nini. Nikasema, mchwa.

Huo ndio uongo wa kwanza. Naomba maghufira. Nimegundua pia kwamba nimeacha kumsahihisha kichwani, hata "mahali moja" imepita tu.

Jumatano, 15 Oktoba

Saynab amekuja kuomba chumvi ambayo anayo. Amesema hivi hivi tu, mbao za nyumba moja siku ngapi sasa? Dada yake alifanyiwa kwa siku nne. Hooyo alisikia yote. Saynab alipotoka, akaendelea na tasbihi yake, halafu akasema, fundi huyu ni mtu mzuri, ana adabu, ana dini. Bahati mbaya si Msomali mwenzetu. Akaongeza kwamba kaka yangu Abdiwali huko Elwak hawezi kukubali mtu asiyejua kumhesabia mababu.

Sijamuuliza kitu! Kajibu swali ambalo sijauliza.

Diriye tulimhesabia mababu wanane. Shangazi aliwataja mmoja mmoja siku ya harusi, watu wakapiga vigelegele. Wote wanane hawakumzuia kunipigia simu dakika tatu na kumaliza kila kitu. Ningemwambia Hooyo hivyo. Badala yake nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike polepole.

Leo amemaliza koti ya kwanza ya rangi. Kijani, nilichagua mimi. Akashuka, akajisafisha mikono kwa mafuta ya taa, akanawa kwa sabuni, mara mbili. Akaja mpaka ukingo wa baraza, hakupanda. Akasimama mbele ya Hooyo kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mwalimu, leo nina neno na mama. Wewe tafsiri tu, usiongeze."

Akasema: mwambie mama nimekaa nyumba yake wiki mbili, nimeona heshima. Mimi sina mke, anajua. Jumatatu baada ya asr nataka kuleta wazee wangu hapa, waombe. Kaka yako nitamfuata mpaka Elwak, lakini naanza na mama.

Halafu, kwa sauti ya chini, bila kunitazama: "Kama wewe mwenyewe hutaki, usitafsiri. Nyamaza tu. Nitajua, nitachukua ngazi yangu niende. Hutaniona na hasira."

Kuku wa Bibi Fosia walikuwa wanapiga kelele ukutani. Hooyo akauliza, anasema nini?

Nikinyamaza, amekwenda. Nikisema ukweli, Hooyo atasema lile neno la Jumatano, na mimi ndiye nitakayelazimika kuligeuza Kiswahili kwa mdomo wangu na kumpa. Nani anaweza? Niambieni nani anaweza!

Anasema nini, Ruweyda?

Nikasema: anasema Jumatatu baada ya asr ataleta wenzake. Wamalize koti ya pili.

Hooyo akafurahi. Mwambie waje, akasema, waje wote, mlango uko wazi, na chai nitaipika mwenyewe.

Hilo nililitafsiri sawasawa. Sikuongeza hata nukta.

Bonaya aliweka mkono kifuani. Akabeba ngazi akagonga lango nayo, akarudi nyuma, akagonga tena. Hooyo akasema leo fundi amechoka.

Ya Rabbi, nimefanya nini. Na mbona nina furaha hivi?

Jumapili, 19 Oktoba

Nimejaribu kumwambia Hooyo mara tatu. Asubuhi, alikuwa ananyonyoa kuku. Kuku! Kwa ajili ya mafundi wa rangi, kwa sababu yule mtu hana mke wa kumpikia. Adhuhuri, alikuwa amelala. Jioni nilikaa miguuni pake nikaanza, "Hooyo, wale watu wa kesho..." Akasema ndiyo, nenda kwa Saynab uazime vikombe.

Nikaenda kuazima vikombe.

Namba ya Bonaya ninayo kwenye simu. Nimeandika ujumbe, "Bonaya, usilete wazee." Nimeutazama muda mrefu. Ningemtumia leo, mambo yote yangetulia. Hooyo asingejua, Abdiwali asingejua, Saynab angepata lingine la kusema. Mbao mpya zingebaki, na mimi chini yake, miaka minane mingine.

Nimeufuta.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, hakuna shule. Shujaa yuko hapa chumbani, anaandika amesimama, daftari kwenye dirisha.

Wamefika. Watano. Bonaya ana kanzu nyeupe, ndevu amezipunguza, nusura nisimtambue. Nyuma yake wazee watatu wenye kofia na makoti, mmoja na fimbo, na kijana wa gari anashusha gunia la sukari na katoni ya majani ya chai.

Hooyo alifungua lango mwenyewe. Akawatazama juu hadi chini, akageuka kwangu, akaninong'oneza: brashi ziko wapi? Na huyu wa fimbo ndiye atakayepanda ngazi?

Nilikimbilia huku ndani.

Nikasema basi, wataniita nitafsiri, na nikiitwa nitasema ukweli wote, mbele yao, lije litakalokuja. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Nimefunga hijabu mara mbili.

Hawajaniita. Mzee wa fimbo ndiye anayezungumza na anazungumza Kisomali. Kisomali cha Buna, kizuri, safi, anakizungumza vizuri kuliko hata sisi wa mjini. Ameuliza hali ya afya, ya mvua, ya mifugo. Amemtaja baba yangu na kumwombea rehema. Kumbe waliwahi kunywesha ngamia kisima kimoja! Sasa anamshukuru Hooyo kwa kuwakaribisha. Anasema wamekuja kwa miguu myepesi, maana waliambiwa mlango uko wazi na mwenye nyumba atapika chai mwenyewe. Anasema heshima hiyo hawataisahau, hata jibu likiwa gumu.

Sasa ameomba. Ametaja jina langu na la baba yangu.

Hooyo ameweka birika chini.

Nasikia tasbihi tu, punje kwa punje. Hakuna anayekunywa chai. Hooyo hawezi kuwafukuza wageni aliowaalika kwa kinywa chake, naye anajua, na anajua ni nani aliyemweka hapo.

Ananiita. Si kwa hasira. Sijui kwa nini. Sauti hiyo siijui.

"Ruweyda, njoo. Njoo ukae hapa karibu nami, uniambie tena fundi alisema nini Jumamosi."

Mzee wa fimbo amemgeuzia Bonaya maneno hayo kwa Kiborana, naye amejua kwamba Jumamosi sikumtafsiria. Nimemwona kupitia dirishani, ameinua kichwa, anatazama mlango wa chumba changu.

Naenda.