Msimu wa Kupanda Mlima

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii.

Unajua miaka miwili namuomba mume wangu tupande mlima, naye jibu lake ni moja, msimu bado. Leo nimetafuta namba ya mwongoza wapandaji mwenyewe. Nikapiga hapa sebuleni, simu nimeiweka spika, yeye anapiga pasi.

Nikauliza mwezi gani mzuri, nikataja jina la mume wangu aliandike.

Yule mwongozaji akafurahi kweli. "Mama, safari hii njooni kiangazi. Mwaka jana mlikuja na masika, ukanililia kwenye matope."

Ukanililia. Mimi, ambaye mlima nimeuona kwenye kalenda.

Masika ya mwaka jana mume wangu aliniaga anaenda semina. Begi nilimfungia mimi, na sweta nikamwekea.

Nikamgeukia. Pasi imekaa juu ya shati, hainyanyui, shati linaungua.

Mwongozaji anaendelea tu, hana habari. "Viatu vyako vya kukodi nimeviandika, mama. Namba thelathini na saba."

Thelathini na saba. Mwenzangu, wewe umenizungusha maduka mangapi tukitafuta arobaini na moja ya mguu wangu?

Nikamjibu kwa adabu zote: kiangazi ni sawa, na namba ya viatu asiibadilishe.