Samadi Iliyo Juu Yako

Baba,

Nakuamkia, ingawa sijui kama huko uliko kuna asubuhi. Kusoma hukujua, na herufi hizi ulizicheka nilipozileta nyumbani kutoka misheni ya Mpwapwa, ukasema zinafanana na nyayo za kuku. Leo mimi bintiyo sina pengine pa kusemea. Baba mdogo hataki kunisikia, na Mama akinisikia analia.

Tangu tulipokuzika zizini, kama wanavyozikwa wenye kaya hapa kwetu Ugogo, hakuna ng'ombe aliyelala humo. Sotoka, tauni ile ya ng'ombe, iliwamaliza wote mbele ya macho yako, na nadhani ndiyo iliyokumaliza na wewe. Mbuzi waliobaki tuliwabadilisha kwa chakula. Mtama wa shambani umekauka ukiwa bado unafika magotini. Tumebaki na bustani ya nyuma ya tembe tu, maboga na kunde na mlenda, ninayoimwagilia kwa kibuyu. Ikifa hiyo, Mama na wadogo zangu watakula nini? Majirani nao wana njaa.

Na inakufa, Baba. Udongo umechoka. Samadi ya pembeni mwa zizi iliisha mwaka jana. Nikajaribu majivu, upepo ukayachukua. Nikaenda kwenye kambi ya misafara, nikazoa mavi ya punda wa Wadachi na kuyabeba kichwani, watu wakinicheka. Kwa haraka yangu nikayatia mabichi. Miche ikaungua, majani yakawa manjano, ikalala chini.

Ungenikaripia. Wewe ulikuwa ukiifikicha samadi kiganjani, kisha unaninusisha. "Ikinuka, bado ina hasira. Ngoja mpaka isahau kwamba ilikuwa mavi." Basi nimenusa kila pembe ya kaya yetu kwa kanuni yako hiyo. Samadi nyeusi, laini, isiyo na harufu ila ya udongo uliolowa, ipo mahali pamoja tu. Ni ile tuliyoitandaza tena tulipomaliza kukufukia. Iko juu yako.

Baba mdogo amesema nikigusa hapo nitakuwa nimemvua kaka yake nguo. Simlaumu. Hata mimi niliogopa, nikawa nashika jembe na kulirudisha. Nimekukasirikia pia, nisikufiche. Mtu anamfundisha mwanawe kuchagua samadi, halafu anakwenda kulala chini ya ile iliyo bora. Jioni Mama akaniambia, "Baba yako hakuwahi kula kabla ya watoto." Akaingia ndani.

Nimeichukua leo asubuhi. Jembe nililiweka kando nikatumia mikono, nikikueleza kila ninachofanya, kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka. Nimetoa tabaka la juu tu, udongo tuliokufukia nao sikuufikia. Kisha nikaifukia kwenye mashimo ya maboga na kuimwagia maji.

Kama umekasirika, nikasirikie mimi peke yangu. Wadogo usiwaguse, hawakujua ninabeba nini.

Lala, Baba. Ng'ombe wa kwanza nitakayempata, hata awe wa kuazima, nitamlaza hapo juu yako, na sitamhamisha mpaka samadi yake ikufunike tena.