Amina ya Benchi la Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Kile kikohozi cha mvuke wa chumba cha kufulia kimekuachia? Mimi mwili haujambo, moyo ndio unaosumbua. Simu sikutaka kupiga. Chumba cha jirani kimetengwa na changu kwa mbao tu, na mbao zina masikio. Barua nampa dereva wa basi, kama kawaida yetu.

Jana kasisi alitangaza ndoa yetu mara ya kwanza kati ya tatu. Unajua utaratibu: wanaotangazwa hukaa benchi la mbele ili waumini wote wawaone. Mimi na gauni langu la buluu nililolishona mwenyewe, Fundi Seremala pembeni yangu akinukia vanishi kama mlango mpya. Kasisi akasoma majina yetu yote, mjane na mgane, halafu akasema yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii na aseme. Akaanza kutuombea. Kabla hajafika mwisho wa sala, sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Amina."

Ulikuwa darasa la tatu baba yako alipopotea, labda umesahau. Hakuwahi kumngoja kasisi amalize sala. Kasisi wa zamani alikuwa akimtania: "Dereva, unampigia Mungu honi akupishe?" Watu wakicheka, yeye hacheki.

Najua lori lake lilikutwa mtoni, milango wazi. Najua tulimwimbia nyimbo za maziko bila jeneza, na mahakama ikaandika kwamba amekufa. Lakini mikono yangu ilipoa hadi Fundi akaninong'oneza, "Mama, umeshika barafu?"

Kugeuka sikuweza, kanisa zima linanitazama. Ulipofika wakati wa kupeana mikono ya amani, ndipo nikageuka. Benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Niandikie upesi.

Mama yako


Alhamisi, 6 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimeondoka, nadhani kimechoshwa na maneno yangu. Hapa hospitali shuka hazipungui. Tukimaliza za wodi moja, wanatuletea za wodi tatu, na msimamizi wetu anasema kazi ni ibada. Nikamwambia basi na tuimbe. Akanipa kapu la nne.

Mama, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanaume wenye haraka ya kwenda kula ni wengi kanisani. Mmoja ametanguliza Amina, basi ni marehemu?

Wala sijasahau. Nakumbuka nikiwa chini ya meza ya cherehani, nikisikia kufuli inafungwa kwa nje kila Baba alipokwenda safari. Ulikuwa unaniambia tunacheza mchezo wa nyumba isiyo na mlango. Niliamini ni mchezo hadi siku niliyouona uso wako.

Huyo alikwenda na mto, Mama. Mto haurudishi. Wewe tayarisha gauni la harusi, na umwambie Fundi kile kigoda alichonipa kinawatia wivu wenzangu wote.

Mwanao, Chiriku


Jumatatu, 10 Juni

Chiriku wangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Mimi nakula kidogo na kulala kidogo, lakini nasimama.

Jana ilikuwa mara ya pili. Amina ilitoka tena, palepale, kabla ya wakati wake. Shingo yangu ilitaka kugeuka yenyewe. Mama Pacha, anayewapokea watu mlangoni, aliniona, na tulipotoka akanitania: "Mwenzangu, tazama mbele! Bwana harusi hakimbii." Nikajidai nacheka. Nikamuuliza nani alikaa benchi la nyuma, karibu na nguzo.

"Mzee mmoja wa kofia ya kahawia," akasema. "Mgeni. Kaja Jumapili iliyopita pia. Huondoka kabla ya kupeana amani, sijui anaogopa mikono yetu michafu? Na amekuulizia wewe."

"Ameuliza nini?"

"Kama bibi harusi bado anakaa kwenye ile nyumba ya cherehani. Nikamwambia ndiyo. Eh, umepata mchumba wa pili!"

Mwanangu, Mama Pacha na kasisi wetu wote wawili walikuja hapa baada ya baba yako kupotea. Hawawezi kumjua. Niliporudi nyumbani nilisukuma meza hadi mlangoni. Leo asubuhi nimemwomba Fundi anibadilishie kitasa, nikasema cha zamani kimeshika kutu. Aliutazama ule mlango kwa muda mrefu, akaanza kazi.

Harusi ni Jumamosi, tarehe 22. Nimeandika kwenye shajara yangu, nikafuta, nikaandika tena. Kama huyo ni mgeni tu, basi mimi ni mwanamke mwoga, na nitajicheka. Lakini kama ni yeye, nitasimama mbele ya meza ya Bwana na kuapa kwa mwanamume wa pili ilhali mume wangu yupo. Kwa hofu hii siwezi kuapa, na bila kujua siwezi kukataa.

Mama yako


Alhamisi, 13 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo sina utani.

Nimebadilishana zamu. Jumapili nitaingia kanisani kabla ya kengele na kukaa benchi la nyuma, karibu na nguzo. Nitajifunga kitambaa cha kijani. Usigeuke hata wakati wa amani. Ukigeuka na ni yeye, atajua kwamba umemjua. Baada ya ibada usiningoje, nikimwona nitamfuata.

Funga mlango.

Mwanao


Jumatatu, 17 Juni

Mwanangu,

Umefika salama? Umekula? Nauliza kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, lakini nataka kujua jambo moja tu.

Kasisi alitutangaza mara ya tatu. Aliposema anayejua kizuizi na aseme, nilisikia benchi la nyuma likilia, kama linavyolia mtu akitaka kuinuka. Halafu likatulia. Kasisi akaomba, akamaliza, watu wakasema Amina pamoja. Hakuna aliyetangulia.

Wakati wa amani niliwapa mkono walionijia mbele, sikugeuka. Ila kutoka mbele kupokea ushirika mtakatifu lazima mtu arudi akiwatazama watu. Ndipo nikaona kitambaa chako cha kijani. Mtu wa pembeni yako uso wake ulifichwa na nguzo. Niliona kofia juu ya magoti, na mkono wako umeshika mkono wake, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Ulipoanza wimbo wa mwisho, nyote wawili hamkuwepo.

Basi la jioni limekuja bila barua yako. Chiriku wangu hukuwahi kunyamaza hata ukiwa na homa. Kama ni mgeni, niandikie neno hilo moja tu, "mgeni". Linatosha.

Mama


Jumatano, 19 Juni

Mama,

Nimejaribu kuandika neno uliloniomba. Mkono umekataa. Ni yeye.

Amezeeka, ana mvi hadi kwenye nyusi. Mimi hakunijua. Kasisi alipouliza, aliweka mikono juu ya benchi la mbele yake na kuanza kuinuka. Nikamshika, nikasema, "Baba, kaa." Aligeuka akanitazama. Nilirudi kuwa mtoto wa chini ya meza, Mama, lakini sikumwachia. Akakaa.

Tulipanda basi moja. Anasema aliruka kabla lori halijazama, akaona kudhaniwa amekufa ni rahisi kuliko kurudi kuwajibu wenye mzigo uliozama. Miaka yote hii ameishi na watu wengine, kwa jina lingine. Madereva ndio waliomwambia kwamba unaolewa.

"Ulitaka kusema nini pale?" nikamuuliza.

"Nilitaka nimwone akishtuka," akasema, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Halafu akaongeza: "Mwambie mama yako aolewe tu. Anyamaze, na mimi nitanyamaza. Nikipata shida nyumba naijua, nitabisha."

Alishuka kabla ya kituo changu. Hakuaga.

Kasisi aliuliza ni nani anayejua. Sasa mimi najua, na ukisoma hapa nawe unajua. Sitasimama kukuaibisha. Uamue wewe. Ila nikiulizwa, uongo siuwezi.

Nisamehe kwa kukuletea habari hii.

Mwanao, Chiriku


Jumatatu, 24 Juni

Mwanangu,

Huna la kusamehewa. Natumaini mikono yako haijachubuka na sabuni ile. Ipake mafuta.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nilikaa nayo mapajani mpaka uji ukaganda. Nilifikiri: nikinyamaza, nitaolewa, na kila mlango utakaobishwa nitadhani ni yeye, na siku moja atakuwa yeye kweli. Atakuwa amenifungia kwa nje tena, safari hii bila kufuli.

Nikaenda karakana. Fundi alikuwa anapiga randa mbao za kitanda chetu. Nilimsomea barua yako yote. Aliweka randa chini, akapangusa mikono, akasema, "Basi Jumamosi hatuna harusi, tuna kesi. Kesi nayo huisha." Halafu akalia, mwanangu. Sikuwahi kumwona akilia. Tulikwenda kwa kasisi pamoja.

Kasisi anasema lazima kwanza mahakama ivunje ile ndoa ya zamani, na baada ya hapo yeye aombe kibali cha askofu. Inaweza kuchukua muda mrefu, na inaweza kushindikana. Jana, mahali pale pale alipotutangaza, alisimama akasema matangazo yetu yamesitishwa kwa kuwa mume wa kwanza yu hai. Nilimwomba aseme wazi. Kanisa zima lilivuta pumzi kwa pamoja. Mama Pacha alijiziba mdomo. Siri ambayo baba yako alitaka kuniwekea mfukoni imesomwa mbele ya watu wote, hana tena cha kunyamazia.

Sikuwa benchi la mbele. Nilikwenda kukaa lile la mwisho kabisa, karibu na nguzo. Fundi akatoka mahali pake, akapita katikati ya watu wote, akaja kukaa pembeni yangu. Sala ilipokwisha, nilisikiliza Amina za watu wote zikitoka mbele yangu, kila moja kwa wakati wake. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.

Bado naogopa. Usidhani mama yako amekuwa simba. Mbwa akibweka naacha kushona. Lakini Fundi amenipigilia komeo jipya, na komeo hili liko ndani.

Ukija, bisha kwa sauti na useme maneno mengi, kama kawaida yako, nijue ni wewe.

Mama yako